Utepe wa Gari la Marehemu

Tukiwa Eldoret tulimsindikiza dada yetu mmoja, mjane, kwa mafundi wa jua kali. Alitaka kuiuza Peugeot 404 ya marehemu mumewe, ya aina iliyoshinda Safari Rally miaka ya 1966, 1967 na 1968, apate karo ya mayatima. Utepe wa chuma ubavuni ulikuwa umebonyea. Fundi wa kwanza alimhimiza anunue mwingine, na vipuri vya 404 leo ni adimu! Wa pili aliung'oa taratibu, akaulaza kifudifudi juu ya gogo, akaugonga kwa nyundo ndogo kutoka ndani, kisha akaupiga msasa laini. Chuma kisichoshika kutu hustahamili hayo. Kilichopakwa kromu, ganda lake hubanduka. Alama ndogo ilisalia.

"Sheikh, ni sharti nimwonyeshe mnunuzi?"

Tukamjibu kuwa ni sharti. Aliguna, akaenda kuliosha gari.