Baridi Si Mali ya Wageni

Mwezi Juni niliwaambia rafiki zangu kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba likizo yangu nitaimalizia kwenye hema, mlimani Kilimanjaro, katikati ya kipupwe. Jibu la kwanza lilikuwa kicheko. La pili lilikuwa swali: "Nani kakulipa?" La tatu ndilo nililolitegemea: "Hayo tuwaachie Wazungu." Mama aliuliza kwa upole zaidi: "Mwanangu, nyumbani umekosa nini hata uifuate baridi?"

Nimerudi, midomo imepasuka, na nina majibu. Mama nitamjibu kwa adabu. Ninyi wengine mtanivumilia.

Mnasema baridi ni ya Wazungu. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na majina yao tumeyasoma shuleni. Ila katika kambi yao ya juu alikuwapo mtu wa tatu, Muini Amani wa Pangani, aliyebaki kule akiwapikia. Pangani ni mji wa minazi na joto, kama kwetu Dar. Mtu wa pwani alilala kwenye baridi ile kabla babu wa babu zetu hawajasikia neno "utalii", halafu leo mjukuu wake anaandika kwa herufi kubwa kwamba baridi haituhusu!

Mnauliza pia kuna raha gani. Hilo ni swali la haki, na nitalijibu kwa niliyoyaona.

Wataalamu wa mimea husema kwamba kule juu kiangazi huja kila mchana na majira ya baridi huja kila usiku. Nilidhani ni maneno ya kupamba mpaka nilipofika Barranco. Pale kuna senesio wakubwa, warefu kuliko mtu, ambao hawadondoshi majani yao makavu. Yanabaki yamelizunguka shina kama koti. Kuna lobelia ambayo jioni hukunja majani yake kufunika chipukizi, na maji yaliyo moyoni mwake huganda juu tu, chini yakabaki maji. Asubuhi jua likitoka, mmea unafunguka kama duka. Nimesoma baiolojia mpaka kidato cha sita. Nilifundishwa jinsi ngamia anavyostahimili jangwa. Hakuna aliyenitajia mmea wa nchini kwangu unaovaa koti.

Halafu kuna usiku wenyewe. Kwenye hema la baridi unaanza kuishi upya, kama mtoto anayefundishwa kuvaa. Nguo za kesho unalala nazo ndani ya begi la kulalia ili asubuhi zisiwe kama bati. Simu unaiweka kifuani kwa sababu baridi hula betri. Chupa ya maji ya moto unaikumbatia, na chakula cha usiku unakimaliza hata kama hamu huna, maana ndicho kuni za mwili. Kwenda haja ndogo saa nane usiku ni safari yenye mipango. Nilipotoka kwa safari hiyo kule Karanga, karibu mita 4,000, sakitu ilikuwa imelifunika hema kwa weupe, taa za Moshi zinawaka chini kama makaa, na juu nyota zimejaa hadi sikujua nitazame wapi. Mikono ilikufa ganzi. Sikutaka kurudi ndani.

Mjini siku nzima hupita sijui kama nina miguu. Kule kila kidole kilikuwa na habari yake, nami nililazimika kuisikiliza. Raha ninayoisema ni hiyo. Haihitaji kilele, wala picha kwenye kibao cha mita 5,895.

Sasa kuna hoja moja ambayo siwezi kuicheka. Rafiki yangu mmoja aliandika: "Sisi tumetoka kwenye shida, kwa nini tuilipie shida?" Ana haki. Kuna watu wanaolala kwenye baridi ile kwa sababu kodi ya nyumba inawangoja, na mimi nililala hatua chache kutoka kwenye hema lao.

Kutoka Karanga kwenda kambi ya Barafu hakuna maji njiani, wala Barafu kwenyewe hakuna. Maji yote ya kupikia na ya kunywa hubebwa na wapagazi. Wao hujiita wagumu. Niliongozana kidogo na mmoja wao, kijana wa rika langu, dumu kichwani, sweta moja la mtumba. Nikamuuliza amepanda mara ngapi.

"Nyingi, dada. Ila sijafika."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kwamba wao hutoka kambi hadi kambi. Usiku wa kilele wageni huondoka na waongozaji, wao wakabaki kulinda mahema na kuandaa chai. Misimu minne mlimani, na juu hajawahi kukanyaga.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hadi siku ile nilikuwa nimeshabikia habari za mlima "wetu" kila tarehe 9 Desemba, nikikumbuka mwenge uliowashwa pale juu mwaka 1961, bila kuwaza ni nani anayelala pale leo na amejifunika nini. Ndiyo maana naikataa ile kauli ya "tuwaachie Wazungu". Tukiwaachia, hatuwaachii baridi peke yake. Tunawaachia na huyu kijana, na wao ndio wataamua kama sweta moja linamtosha. Mteja Mtanzania anaweza kumwuliza mpagazi kwa Kiswahili kama amekula, na kampuni ikijibu vibaya, anaweza kurudi mjini akalisema.

Gharama? Kiingilio cha raia ni kidogo mno kuliko cha mgeni, na koti zito utalipata Memorial, Moshi, kwenye mitumba. Kilimanjaro ikikushinda, nenda Kitulo mwezi Julai ukalale kwenye hema. Sakitu ipo hata huko. Usiende peke yako, na usiende bila nguo za maana, kwa kuwa baridi huua na haijali ujasiri wa mtu.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia Mama yote: lobelia, chupa ya maji ya moto, taa za Moshi. Alisikiliza huku akinipaka mafuta ya nazi midomoni. Nilipomaliza nikangoja aseme nimechanganyikiwa.

"Na huyo kijana wa maji," akauliza, "mlimwachia koti?"

Nililishusha mwenyewe mpaka Moshi. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na Dar es Salaam ilikuwa na joto.