Mvuvi wa Ziwa Victoria Hahitaji Programu Yako ya Simu

Haya ndugu zangu, leo nitawaudhi watu, na baadhi yao ni marafiki zangu. Mtanisamehe.

Mwezi uliopita nilialikwa kuwa mmoja wa waamuzi katika shindano la wanaprogramu hapa Kisumu. Makundi saba yalionyesha kazi zao. Matatu kati ya hayo saba yalikuja na programu ya simu ya kumwongoza mvuvi ziwani. Ramani safi, rangi za kupendeza, kitufe kikubwa chekundu cha kuomba msaada. Nikauliza kila kundi swali moja tu: nani kati yenu amewahi kukaa ndani ya boti ya uvuvi usiku? Kimya. Kundi moja lilikiri kwamba programu yao waliijaribu ndani ya matatu, kutoka Kondele hadi mjini.

Sikuwacheka. Mimi nilitangulia kufanya dhambi hiyo hiyo.

Dhambi yangu

Miaka mitatu iliyopita niliandika programu ya namna hiyo. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta, simu mpya, na imani kubwa. Nikaenda Mbita, nikaomba nafasi kwenye boti ya omena usiku usio na mbalamwezi, maana omena huvuliwa gizani kwa taa. Tukaondoka jioni na kupita nje ya Rusinga.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, moja baada ya jingine. Vidole vyangu vililowa, na kioo cha simu kikaacha kunielewa. Tone la maji likianguka juu ya ramani, ramani inajivuta yenyewe. Nikapunguza mwanga, bado ulikuwa mkali. Mzee aliyeshika usukani akaniambia kwa upole, "Wuoda, zima hiyo taa. Inanificha nyota." Nikaizima. Saa tisa usiku mvua ikaja na upepo. Vilima vikapotea, taa za ufuoni zikapotea, na nyota za mzee nazo zikapotea. Nikasema moyoni, wakati wangu umefika. Nikawasha simu: ramani ilikuwa nyeupe tupu, kwa sababu picha zake zilitoka kwenye intaneti na mtandao haukuwepo. Betri ilikuwa asilimia tisa.

Mzee akafungua mfuko wa plastiki uliofungwa kamba. Ndani yake kulikuwa na Garmin eTrex ya njano, toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2000. Akabonyeza mara mbili kwa kidole gumba, bila kuangalia. Mshale ukatokea. Tukaufuata hadi ufuoni.

Nilipoishika asubuhi niliona kwamba tarehe yake ilikuwa imerudi nyuma karibu miaka 20. Mwanaprogramu ataelewa mara moja: GPS ya zamani huhesabu wiki kwa biti 10, yaani wiki 1,024, kisha hesabu inaanza upya. Ilianza upya Aprili 2019, na vifaa vingi vya zamani vikachanganyikiwa kuhusu tarehe. Lakini mahali viliendelea kupatia. Kifaa kisichojua ni mwaka gani kilijua nyumbani ni wapi. Simu yangu ilijua mwaka.

Tusidanganyane kuhusu simu

Kabla hamjaniandikia kwa hasira, nikubali jambo moja. Tatizo si kipokezi cha GPS kilichomo ndani ya simu. Kipokezi hicho ni kizuri, na si kweli kwamba kinahitaji mtandao. Setilaiti ziko juu yetu umbali wa kilomita 20,200, zinatangaza bure, na ukizipata nne unajua ulipo. Tangu Marekani ilipoacha kuharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, Mei 2000, kosa la mita 100 lilishuka hadi mita 10 hivi au chini yake, kwa simu na kwa GPS ya mkono vilevile.

Kinachohitaji mtandao ni ramani ambayo hukuihifadhi mapema, na ule msaada unaofanya simu ipate setilaiti haraka. Mengine yote yanayoiangusha simu ni ya mwili wake: kioo, betri, maji, mwanga. Hayo huwezi kuyarekebisha kwa kuandika programu bora zaidi, hata ukeshe mwezi mzima.

Ndiyo maana nasema, na narudia: kwa usiku wa ziwani, GPS ya mkono yenye vitufe inashinda simu. Na sisi wanaprogramu tunakataa kuliona hili kwa sababu hakuna mtu anayeshinda tuzo kwa kumwambia mvuvi anunue kifaa ambacho tayari kipo.

Ya kununua

Sina hisa katika kampuni yoyote. Vigezo vyangu ni vinne.

Kwanza, vitufe, si kioo cha kugusa. Kidole kilicholowa au chenye magamba ya samaki kiweze kufanya kazi.

Pili, betri za AA za kutoa na kuweka. Zinapatikana kwenye kioski cha ufuo wowote. Kifaa cha kuchajiwa peke yake kikizimika katikati ya maji, kimekufa.

Tatu, jua kama kinaelea. Garmin 72H na familia ya GPSMAP 78 zilitengenezwa ziweze kuelea. eTrex huzama kama jiwe, kwa hiyo ifunge kamba, na kamba uifunge kwenye boti. Alama ya IPX7 maana yake ni kwamba inavumilia maji ya mita moja kwa dakika 30, haisemi chochote kuhusu kuipata tena.

Nne, usilipie usichohitaji. Ramani ya rangi si lazima. Pesa inayobaki nunua jaketi la kuokoa maisha. Sifanyi mzaha. GPS itakuambia uko wapi unapozama, basi.

Ya kurekebisha, na hapa ndipo hasira yangu ilipo

Nimeona vifaa vinagawiwa ufuoni vikiwa vipya ndani ya sanduku, picha zinapigwa, wageni wanarudi mjini. Hakuna aliyekaa na wavuvi hata saa moja kuvirekebisha. Nambari za mahali bila mipangilio yake ni sawa na kuambiwa "bei ni 500" bila kuambiwa ni shilingi ya Kenya au ya Uganda.

Anza na jinsi ya kuandika nambari. Garmin nyingi zikitoka kiwandani huonyesha digrii na dakika zenye desimali. Sasa mtu anasoma 0°25.30' kwenye kioo, anampigia mwenzake simu, na mwenzake anaandika dakika 25 na sekunde 30. Tofauti ni mita 370 hivi. Usiku wa mvua, mita 370 zinatosha kukupitisha mdomo wa ghuba ukaingia kwenye mawe. Ufuo mzima ukubaliane mtindo mmoja, uandikwe kwa rangi ukutani.

Kisha kaskazini na kusini. Sisi tunaishi kando ya ikweta, inapita pale Maseno. Mbita iko karibu dakika 25 kusini yake. Ukiandika N badala ya S, GPS haitalalamika hata kidogo. Itakuelekeza zaidi ya kilomita 90 kaskazini, upande wa Busia, kwenye nchi kavu. Kwa mtu wa Ulaya kosa hili ni kichekesho kwa sababu litampeleka mbali sana na ataliona papo hapo. Kwetu linakupa nambari inayofanana kabisa na ya kweli.

Halafu msingi wa ramani, kile kinachoitwa datum kwenye menyu. GPS hutumia WGS 84. Ramani za karatasi za serikali za 1:50,000, zile za Survey of Kenya, zilichorwa kwa msingi wa Arc 1960. Chukua nambari za WGS 84 uziweke kwenye ramani hiyo bila kubadilisha, na alama yako itaanguka karibu mita 300 kusini ya ulipo. Ni milimita sita kwenye karatasi. Dawa ni rahisi: ukitumia ramani hiyo, chagua Arc 1960 kwenye menyu. Kama unabadilishana nambari na mtu yeyote mwingine, baki na WGS 84. Usichanganye.

Mwisho, zima WAAS. Ni mfumo wa masahihisho wa Amerika Kaskazini, na EGNOS ni wa Ulaya. Huku kwetu unakula betri tu. Na mwambie kifaa ni betri za aina gani umeweka, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya.

Ya kutumia

Washa GPS ukiwa bado ufuoni, iache mahali penye anga wazi. Ikiwa haijawashwa kwa muda mrefu inaweza kuchukua dakika kadhaa, maana ujumbe kamili wa setilaiti una urefu wa dakika 12 na nusu. Hifadhi alama ya nyumbani kabla hujaondoka. Nimeona mtu akikumbuka kufanya hivyo akiwa tayari majini.

Rekodi njia ya kwenda. Ni muhimu kuliko alama yenyewe, kwa sababu ukiamuru kifaa kikupeleke mahali, kinachora mstari ulionyooka. Toka Dunga uamuru Homa Bay, na mstari utapita juu ya nchi kavu chini ya Mlima Homa. Kifaa cha njano hakijui kwamba boti haina magurudumu. Weka alama za kona unazozunguka, uzifuate moja moja.

Jua pia kwamba GPS za bei nafuu hazina dira ndani yake. Mshale una maana boti ikiwa inatembea. Ukizima injini, mshale unazunguka kama mlevi, na mtu mwenye hofu huufuata.

Na hata njia uliyorekodi si ahadi. Magugu maji hayakai mahali pamoja; upepo ukigeuka, mlango wa Dunga uliokuwa wazi jioni umefungwa asubuhi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kimo kisichowahi kurekodiwa, ufuo ukasogea, na miti na nguzo zikabaki chini ya maji mahali ambapo ramani ilionyesha ardhi. Vizimba vya kufugia samaki navyo vimeongezeka, na havimo kwenye ramani ya mtu.

Kuhusu mpaka, nawaomba sana. Mstari unaouona kwenye kioo si sheria. Mpaka wa Kenya na Uganda ziwani ulielezwa katika amri ya mwaka 1926 kwa kutaja ncha za magharibi za visiwa, kimoja baada ya kingine. Migingo, ambayo ni ndogo kuliko uwanja wa mpira, imezigombanisha serikali mbili, na mwaka 2009 ikabidi watumwe wapimaji wa pamoja. Kama dola mbili zilihitaji wapimaji, usiende kubishana na askari mwenye bunduki ukimwonyesha GPS yako. Acha nafasi ya kutosha, kilomita kamili kama unaweza.

"Lakini kila mvuvi ana simu!"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila mara. Ni kweli, anayo, na iko ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine, imezimwa, kwa sababu ni ya kumpigia mnunuzi wa mbuta asubuhi. Yeye ameshaamua simu ni ya nini. Sisi ndio hatujamsikiliza.

Utabiri wa hewa kabla ya kutoka, bei ya samaki, M-Pesa: hayo ni ya simu, nchi kavu, na nawapongeza wanaoyafanyia kazi. Wengine watasema GPS ni ghali. Ndiyo, mpya ni ghali kwa mtu mmoja. Lakini boti ya omena ina watu kadhaa na injini moja, na hakuna anayesema injini inunuliwe na mtu mmoja.

Kazi ipo, omera. Pelekeni boti mchana, mpime mawe, nguzo zilizozama na vizimba kuanzia Dunga hadi Usenge. Yawekeni OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuyachukua bure. Andikeni hati fupi ya kuyageuza kuwa faili moja ya GPX yenye majina ambayo wavuvi wenyewe wanayatumia. Kompyuta moja kwenye ofisi ya BMU, waya mmoja wa USB, na kila kifaa cha ufuo huo kinapata alama zile zile kila mwezi. Mistari ya kodi haitafika mia mbili. Haina nembo, haina kitufe chekundu, na hakuna mwamuzi atakayeipa zawadi.

Programu yangu niliifuta. Faili ya GPX ya Mbita ninayo, ina alama 41, na 29 kati yake alinionyesha yule mzee. Mwenye kuitaka aniandikie. Mwenye kutaka kubishana naye aniandikie, ila kwanza aniambie usiku gani alikuwa ziwani.