Usikate waya wa ardhi
Wasee, nilinunua ampi ya gitaa ya mtumba. Nikaiwasha: mmmmm, kama friji ya jirani. Nikachomoa gitaa, kelele bado. Basi shida si gitaa wala kebo. Nikachomoa plagi nikaifungua: waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, umekatwa! Kuna mjuaji aliwahi "kutibu" mvumo hivyo. Nikaurudisha, fundi akabadilisha kapasita zilizozeeka, ampi ikanyamaza.

Mimi nasema tuache kuita hiyo ujanja. Stima yetu ni volti 240. Ikivuja kwa chuma cha ampi, inapitia kebo hadi kwa nyuzi, na vidole vyako viko hapo. Mvumo unaudhi tu. Stima inaua. Ukinunua ya mtumba, hesabu nyaya kwanza: ziwe tatu.