Mulima mweusi na pubele ya lupango

Kila mutu wa Lubumbashi anajua ule mulima mweusi ulio karibu na shimini ya Gécamines. Ni mabaki ya tanuru lililoanza kuyeyusha shaba mu mwaka wa 1911. Waliyamwaga siku kwa siku, hata yakawa mulima. Wazee wetu waliyaona kuwa uchafu tu. Lakini kuanzia miaka ya 2000 wakaanza kuyabeba na kuyayeyusha tena ili kutosha kobalti. Kule Kolwezi ni vilevile: matope ya Kingamyambo, yaliyoachwa na kiwanda zamani, yamerudishwa mu kazi, na shaba inatoka.

Basi ninauliza: kama wakubwa wa mine wanarudia uchafu wao, siye mu lupango tunatupa wetu kwa nini?

Baba unayeshuka mu shimo, huna haja ya kufundishwa. Jiwe lenye shaba tatu kwa mia ni jiwe zuri, lakini kilo mia za jiwe hilo hazitatoa hata kilo tatu kamili. Na mbele ya kulifikia, mumekwisha kuhamisha udongo gani, mumechoma mazutu ngapi? Ule waya wa zamani ulio chini ya kitanda ni shaba iliyokwisha kuchimbwa. Uyeyushe mara kumi, itabaki shaba. Sufuria ya aluminiyumu iliyotoboka ni zaidi: kuirudisha mu kazi kunaomba karibu tano tu kwa mia ya nguvu inayoliwa ku kutengeneza aluminiyumu mupya. Hiyo si hesabu ndogo.

Lakini kuna namna inayoua. Vijana wanachoma waya nyuma ya nyumba ili plastiki itoke haraka. Ule moshi ni sumu, na unaingia mu dirisha la jirani mwenye mutoto muchanga. Heri kukwarua kwa kisu, hata kama inachelewa. Batri ya motokari nayo: kule Thiaroye, karibu na Dakar, watu walikuwa wanatafuta madini ya risasi ya batri za zamani mu udongo, pale pale wanapoishi. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa. Batri iuzwe nzima, isifunguliwe mu lupango. Na bidoni iliyobeba dawa za kiwanda, hapana kuweka maji ya kunywa ndani, hata ukiosha mara saba.

Mama, upande wako ni mwepesi. Maganda ya viazi, majani ya sombe yaliyozeeka, majivu kidogo ya mbabula, vyote ni mbolea. Kwetu tulichimba shimo nyuma ya muavoka. Mvua iliyofuata, lengalenga ilitoka mpaka tukagawia majirani. Pubele ikapungua nusu. Kijana wa pusupusu anayebeba takataka alituuliza kama tumehama.

Inabaki sashe. Dekreti ya 30 Desemba 2017 inakataza kuzitengeneza, kuziingiza, kuziuzisha na kuzitumia. Nenda soko lolote, utaona. Mvua ya kwanza ikinyesha, njo hizo zinaziba mifereji, na maji yanalala mbele ya mulango pamoja na imbu wake. Mimi simulaumu mama anayefunga karanga mu sashe. Nani alimuletea kitu kingine?

Hapa njo kwenye neno langu. Sheria ya mine, ile iliyosahihishwa mu 2018, inaomba kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoishi kandokando. Mara nyingi tunaomba barabara, masomo, dispensere. Ni vizuri. Lakini kwa nini tusiombe pia, mu kila cité, uwanja moja wenye mizani, ambapo vyuma, aluminiyumu na bidoni vinauzwa kwa bei iliyoandikwa ku ukuta, na batri zinawekwa mu sanduku la kufunga? Vijana wa pusupusu wapewe glavu na viatu vya kazi kama wafanyakazi wa mine. Haiombi mashini kubwa. Wale mulio mu komite za 0,3%, mukikutana tena, andikeni hilo ku karatasi mbele ya kusaini.