Dume la Tembo Si Mzigo

Mwandishi mmoja anashauri bustani za wanyama za Ulaya ziache kufuga madume ya tembo wa Asia: ni ghali, ni hatari, na mbegu zao zinaweza kusafirishwa ndani ya chupa. Majike, anasema, wahamishwe popote panapohitaji damu mpya.

Hilo la chupa ndilo bovu kuliko yote. Uhimilishaji unawezekana, ndiyo. Ndama wa kwanza wa tembo wa Asia kwa njia hiyo alizaliwa Missouri, Marekani, mwaka 1999. Lakini mzunguko wa jike huchukua takriban miezi 4. Watunzaji hupima damu wakingojea homoni ipande mara mbili, wiki 3 hivi zikipita katikati, kwa kuwa yai hutoka baada ya ile ya pili. Wakikosa siku, wangoje tena miezi. Dume hunusa mkojo wa jike, hugusisha ncha ya mkonga kaakaani, akajua. Na madume wakiisha, hiyo chupa itajazwa na nani?

Takriban nusu ya ndama huzaliwa madume. Wapelekwe wapi? Hakuuliza.

Kuhusu majike, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Science ulionyesha kwamba tembo wa Asia wanaohamishwa kati ya bustani hufa mapema zaidi. Binti hubaki na mama na bibi yake. Hapo ndipo anapojifunza kulea. Wa kuhama ni dume, kama afanyavyo porini akibalehe. Jengeni mazizi ya madume kwanza, kisha tuzungumze gharama.