Ahadi kwa Mtoto ni Deni

Vijana wapendwa, tangu mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yamezing'oa familia nyingi makwao. Mtoto aliyeanza masomo Oicha huyaendeleza Beni mjini, kisha Butembo, na pengine hukaa miezi mingi bila darasa. Kila anapohama humwacha nyuma mwalimu aliyemjua kwa jina. Miongoni mwenu wamo wanaojua Kiingereza, nao wanajiuliza kama inafaa kujitolea kumfundisha mtoto wa namna hiyo kwa simu. Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja: anayeanza asimwache mtoto njiani.

Wako watakaosema kwamba mwenye njaa anahitaji unga, wala si Kiingereza. Ni kweli unga hutangulia. Lakini nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu zamani biashara ya Butembo hupitia Kasindi kuelekea Uganda, ambako shule na ofisi hutumia Kiingereza. Mwenye mali humlipia mwanawe masomo ya lugha hiyo. Mtoto wa mkimbizi atalipiwa na nani? Tukimpa unga peke yake, tumemsaidia kuishi leo, lakini kesho yake tumeiacha ilivyokuwa.

Tena simu ina faida ambayo darasa halina: familia ikihama, mwalimu huhama nayo. Haihitaji picha za video zinazomaliza mega. Ujumbe mfupi wa sauti watosha, kwa kuwa mwanafunzi wetu aliyezoea Kifaransa hukwama zaidi katika matamshi. Neno «table» huandikwa vilevile katika lugha zote mbili, lakini hutamkwa tofauti. Hapo sikio ndilo la kufundishwa kwanza. Mwanzieni kwa lugha anayoiota, Kinande au Kiswahili, kisha mpelekeni polepole kwenye ile asiyoijua.

Sasa nirudie sharti langu. Mtoto aliyekimbia vita amekwisha kupoteza watu wengi. Kijana akimfundisha kwa bidii majuma matatu, kisha akanyamaza, humwongezea hasara nyingine, na mtoto hujifunza kwamba hata wema hauaminiki. Heri dakika ishirini kila Jumamosi kwa mwaka mzima kuliko saa nyingi za mwezi mmoja. Kwa hiyo msijitolee mmoja mmoja. Wawili washike mtoto mmoja, ili mmoja akiugua au akiishiwa na chaji, mwenzake aendelee. Masomo yapitie simu ya mzazi au mlezi, naye awe karibu akisikiliza, na viongozi wa kikundi wajue nani anamfundisha nani. Upendo usiogopa macho ya watu humlinda mtoto, humlinda na mwalimu.

Mfano tunao hapa hapa Kivu. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alikuwa na kazi yake ya ukaguzi wa bidhaa mjini Goma, lakini alitenga muda kwa ajili ya watoto wa mitaani katika Shule ya Amani ya Jumuiya ya Sant'Egidio. Mwaka 2007 aliuawa, akiwa na umri wa miaka 26, kwa sababu alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Wengi humkumbuka kwa siku ile moja ya ushujaa. Mimi naona kwamba uaminifu wa siku za kawaida, kwa watoto wasioweza kumlipa chochote, ulikuwa sehemu ya njia iliyomfikisha hapo.

Basi, katika mkutano wenu ujao, msiulize ni wangapi wanaokijua Kiingereza vizuri. Ulizeni ni wangapi wanaoweza kuitunza saa moja ya juma kwa mwaka mzima. Hao, hata wakiwa wanne tu, waanze na watoto wawili.