Wakubwa Waandika Vitabu, Makabwela Wafungiwa Maktaba

Katika siasa za Uingereza ipo desturi ya siku nyingi: kiongozi akishatoka madarakani huketi akaandika kitabu cha kuyaeleza aliyoyatenda. David Cameron, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2010 hadi 2016, alitoa chake mwaka 2019. Boris Johnson alifuata mwaka 2024. Mwaka huo huo akatokea Liz Truss, aliyekalia kiti hicho kwa siku 49 tu mwaka 2022. Siku zake zilipokuwa zikiyoyoma, gazeti la Daily Star liliweka saladi mbele ya kamera ili umma uone kipi kitanyauka kwanza, saladi au Waziri Mkuu. Saladi ilishinda. Hata hivyo, jina la kitabu cha mama huyo linatangaza kwamba imebaki miaka kumi ya kuziokoa nchi za Magharibi. Aliyeshindwa kuiokoa serikali yake kwa majuma saba ameshapiga hesabu ya kuokoa nusu ya dunia!

Kuandika si kosa. Benjamin Disraeli alitunga riwaya kabla hajawa Waziri Mkuu, na Winston Churchill alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1953. Swali ni jingine. Kabwela wa Uingereza, asiye na fedha za kununua vitabu vya wakubwa, avisome wapi? Zamani jibu lilikuwa jepesi: katika maktaba ya umma ya mtaa wake. Lakini serikali za hao hao waandishi ndizo zilizosababisha maktaba nyingi kutiwa kufuli.

Maktaba hizo hazikuwa zawadi ya mabwanyenye. Muswada wa sheria ya kwanza ulipofikishwa Bungeni mwaka 1850, ulipingwa vikali na wenye mali waliochukia kodi na kuogopa mfanyakazi mwenye elimu. Mbunge mmoja, Kanali Sibthorp, hakuona haya kutamka kwamba yeye mwenyewe hapendi kusoma hata kidogo. Sheria ikapita kwa shida, nayo ikiwa na kichekesho chake: miji iliruhusiwa kutoza nusu peni ya kujengea maktaba, lakini si ya kununulia vitabu. Wananchi walipewa rafu, vitabu wakaambiwa wavitafute kwa wahisani. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja hadi sheria ya 1964 ilipozilazimisha halmashauri kutoa huduma kamili ya maktaba kwa kila mwananchi anayeihitaji.

Sheria hiyo haikufutwa. Kilichofutwa ni fedha. Mwaka 2008 mabenki ya Uingereza yalipoelekea kuanguka kwa tamaa yake yenyewe, serikali ilitoa zaidi ya pauni bilioni 45 kuiokoa benki moja tu, Royal Bank of Scotland. Hakuna aliyewaambia mabenki wajitolee. Mwaka 2010 serikali ya Cameron iliingia na wimbo wa kubana matumizi, nazo halmashauri zikapunguziwa ruzuku mwaka baada ya mwaka. Uchunguzi wa BBC uliotolewa Machi 2016 ulionyesha kwamba katika miaka sita maktaba 343 zilifungwa na nafasi za kazi karibu 8,000 zilitoweka. Mahali pa wakutubi waliosomea kazi yao waliletwa watu wa kujitolea zaidi ya 15,000. Waliovunja walikuwa wenye fedha. Waliotozwa fidia ni wazee, watoto na wasio na kazi.

Mfano ulio wazi ni Birmingham. Mwaka 2013 mji huo ulifungua maktaba kubwa na ya fahari, iliyogharimu karibu pauni milioni 190. Haikupita miaka miwili, saa za kufunguliwa zikapunguzwa kutoka 73 kwa juma hadi 40. Jumba likabaki liking'aa huku mlango umefungwa. Cameron naye, alipostaafu, alinunua kibanda cha magurudumu kwa pauni 25,000, akakiweka uani mwake apate utulivu wa kuandika. Ama kweli, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Watetezi wa sera hiyo watadai kwamba haya ni maisha ya kisasa, kwamba siku hizi watu husoma katika simu. Hoja hiyo ni ya mtu ambaye hajapata kusimama katika foleni. Serikali hiyo hiyo ilianzisha mwaka 2013 utaratibu mpya wa msaada kwa wasio na kazi na wenye kipato kidogo, na maombi yake hujazwa kwa njia ya intaneti. Asiye na kompyuta alielekezwa maktaba. Kwa mkono mmoja serikali ilimsukuma mnyonge kwenye kompyuta, kwa mkono wa pili ikaufunga mlango wa chumba chenye kompyuta hiyo. Katika majira ya baridi ya 2022 na 2023, bei ya umeme na gesi ilipopanda, maktaba zilizosalia zilitangazwa kuwa mahali pa watu kujipatia joto. Katika moja ya nchi tajiri kabisa duniani, wazee walikwenda kwenye vitabu kuota moto!

Chama cha Labour kilichukua serikali Julai 2024, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba 2026 utakuwa Mwaka wa Kitaifa wa Kusoma, kama ilivyokuwa 1998 na 2008. Tangazo ni jema. Lakini kumhimiza mtoto asome huku maktaba ya mtaa wake imeuzwa ni kumkaribisha mgeni chakula wakati jiko limezimwa.

Kwa mwalimu na mtumishi wa serikali wa Tanzania, jambo hili si la kuchekea mbali. Taifa hili liliunda bodi yake ya maktaba mwaka 1963, likiwa changa na maskini, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Lilifanya hivyo kwa kuamini kwamba vitabu ni haki ya mwananchi, si pambo la mwenye nafasi. Uingereza inaonyesha jinsi haki hiyo inavyoweza kupotea pasipo sheria yoyote kuvunjwa: leo saa moja inapunguzwa, kesho mkutubi haajiriwi, keshokutwa rafu hazinunuliwi kitabu kipya. Kila hatua huitwa kubana matumizi, na kila hatua hutiwa sahihi na ofisa aliye mezani pake. Ofisa huyo, popote alipo, aulize kabla hajatia sahihi: kinachobanwa ni matumizi, au ni akili za watu?